Shajara ya mradi: mashine ya kukatia kwa kazi za harusi, tuinunue au kazi ziende nje?

Wiki 18 kabla ya harusi

Mashine, yaani ile ya kisu kinachoongozwa na kompyuta kukata karatasi na plastiki nyembamba, bado haijanunuliwa, na haitanunuliwa kabla orodha haijakamilika. Ukianza na mashine utajikuta unaitafutia kazi, na mwisho wake ni vikasha 150 vilivyokatwa nyumbani kwa sababu tu mashine inaweza kuvikata. Mradi huu umeanza upande wa pili: nini kinakatwa, vingapi, na je, vipande vinafanana au kila kimoja ni tofauti na mwenzake. Swali hilo la tatu ndilo zito kuliko mengine.

Wageni ni 150, meza 15 za watu kumi kumi, na kadi za mwaliko 80 kwa kuwa nyingi zinakwenda kwa wawili au kwa familia nzima. Orodha ilivyo leo:

- vifuniko vya kadi ya mwaliko vyenye nakshi ya matundu, 80
- vikadi vya majina vya kuweka mezani, 150
- namba za meza, 15
- vikasha vya zawadi za wageni, 150, pamoja na lebo zake
- bango la kukaribisha na bango la mpangilio wa viti
- majina kwenye glasi 10 na kwenye majoho 8 ya wapambe
- pambo la juu ya keki, 1

Kila mstari utapitishwa peke yake. Kinachobaki mwishoni ndicho kitakachoamua kama mashine inanunuliwa, na ya ukubwa gani.

Wiki 17: vifuniko vya nakshi

Hiki ndicho kitu kinachowafanya wengi waitamani mashine, na kwa maoni yetu ndicho kinachofaa kupelekwa nje kwanza.

Kadi ya ndani ni ya milimita 127 kwa 178. Kifuniko chake, kinachofunguka katikati kama mlango wa mbao mbili, kikitandazwa kina upana wa karibu sentimita 26 na kimo cha sentimita 18. Mkeka wa kunata unaoshikilia karatasi kwenye mashine za kawaida ni sentimita 30.5 kwa 30.5, na eneo linalokatika ndani yake ni kama sentimita 29.2. Viwili havienei. Kila kifuniko ni mkeka mmoja.

Nakshi yenye matundu mengi madogo inaipa mashine ya kisu kazi ya takriban dakika 8, kwa sababu kisu kinashuka na kuinuka kwenye kila tundu na kinapunguza mwendo kwenye kila kona. Kubandika karatasi, kuibandua na kung'oa vipande vilivyokwama ni dakika 3 nyingine. Ukiongeza asilimia 10 ya vitakavyoharibika, vifuniko ni 88: dakika 968, yaani zaidi ya saa 16. Na si saa za kuiacha mashine ikijiendesha. Baada ya kila dakika 8 lazima mtu awepo.

Karakana ya leza inakata umbo hilohilo kwa muda mfupi sana, na mwanga hauvuti nyuzi za karatasi kama kisu. Kasoro yake ni kingo zilizoungua. Kwenye karatasi nyeupe rangi ya kahawia inaonekana wazi, hasa upande wa chini ambako moshi hunaswa. Kwenye bluu iliyoiva, zambarau au dhahabu haionekani. Kabla ya kuagiza 80, omba kipande kimoja kilichokatwa kwenye karatasi ileile utakayotumia, si sampuli ya dukani. Faili iwe ya mistari, si picha, na daraja linaloshikilia tundu na tundu lisiwe jembamba kuliko milimita 1.5, chini ya hapo kifuniko hukatika mkononi mwa mgeni anapokifungua.

Uamuzi: vifuniko vinakwenda kwa leza. Vyote 80 vinafanana, na kazi ya vipande vinavyofanana ni ya aliye na chombo cha haraka.

Wiki 16: vikasha na lebo

Hapa hesabu ni fupi. Kukata kikasha kimoja ni dakika 2 tu, ila kukikunja na kukigundisha ni dakika 3, na mashine haisaidii lolote katika hizo 3. Vikasha 150 ni saa saba na nusu za gundi. Vinanunuliwa tayari, vikiwa bapa.

Lebo ni umbo moja, duara la sentimita 5 lenye tundu la utepe. Kwa umbo moja linalojirudia mara 150, mashine ndogo ya mkono ya kuzungusha kwa mpini, kama Sizzix Big Shot, yenye umbo la chuma, inashinda mashine ya kompyuta: haina programu, haitumii umeme, na pigo moja halimalizi dakika. Ukipata ya kuazima, azima. Hatukuipata kwa muda huu, hivyo lebo zinasubiri zikatwe kwenye nafasi zitakazobaki pembeni mwa karatasi za kazi nyingine.

Wiki 15: majina, na hapa mizani inageuka

Vikadi 150, kila kimoja na jina lake. Matbaa inaweza kuvichapa, ila majina hubadilika hadi wiki ya mwisho: mgeni anaghairi, mwingine anakuja na mwenzake, jina limeandikwa vibaya kwenye orodha. Kila badiliko kwa matbaa ni safari mpya. Kwa mashine ya nyumbani ni kufuta neno na kuandika lingine.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kikadi cha upana wa sentimita 9 na kimo cha 5 kikishakunjwa, yaani 9 kwa 10 kikitandazwa. Kwenye eneo la sentimita 29.2 vinakaa vitatu kwa upana lakini viwili tu kwa kimo, kwa kuwa 10 mara tatu ni 30. Sita kwa karatasi, karatasi 25. Tukipunguza kimo hadi sentimita 9.5, safu tatu ni 28.5, na nafasi mbili za milimita 2 zinafikisha 28.9. Sasa vinakaa tisa, na karatasi zinashuka hadi 17. Nusu sentimita ambayo mgeni hataiona imeokoa theluthi ya karatasi na theluthi ya muda wa kubandika na kubandua. Kabla ya kupenda kipimo chochote, kigawe kwanza kwa eneo la mkato.

Faida hiyo inahitaji karatasi ya mraba ya sentimita 30.5. Kwenye A4 vinakaa sita tu, viwili kwa upana na vitatu kwa kimo.

Mabango, glasi na majoho nayo yana majina na maneno tofauti. Kwa hiyo baada ya kuondoa vifuniko na vikasha, kilichobaki karibu chote ni kazi ambayo kila kipande chake ni cha pekee. Kama orodha ingebaki na lebo na namba za meza tu, jibu lingekuwa hapana, na tungelitoa bila kusita.

Uamuzi: mashine inanunuliwa, kwa sharti kwamba iwe mkononi si chini ya wiki 12 kabla ya harusi. Mashine inayofika wiki tatu kabla ni mzigo, kwa sababu wiki za mwanzo ni za kujifunza shinikizo la kisu na tabia ya programu.

Wiki 14: mashine ipi

Upana ndio wa kwanza kuamuliwa. Cricut Joy inapokea nyenzo ya upana wa sentimita 11.4 tu: inatosha kwa vikadi na glasi, haitoshi kwa mabango. Silhouette Portrait inakata hadi karibu sentimita 20. Cricut Explore, Cricut Maker na Silhouette Cameo ya kawaida zote ziko kwenye sentimita 30.5. Brother ScanNCut ina skana ndani yake na inaweza kukata bila kompyuta, jambo linalomfaa anayechora kwa mkono na kutaka mchoro wake ukatwe ulivyo.

Kinachofuata ni nguvu. Maker inasukuma kisu kwa nguvu ya hadi kilo 4, na Explore gramu 400. Nguvu hiyo ya Maker ni ya kisu cha gurudumu kinachokata kitambaa kisichoshikishwa kitu, na ya kisu kinene kinachokata mbao nyembamba na ubao wa karatasi hadi milimita 2.4. Orodha yetu haina kitambaa cha kukatwa wala mbao. Karatasi ya gramu 300 (uzito wa mita moja ya mraba) na vinaili, plastiki nyembamba yenye gundi, hazihitaji nguvu ya zaidi ya gramu 400, kwa hiyo kulipia nguvu ya kilo 4 ni kulipia kitu kitakacholala.

Programu ina uzito sawa na chuma. Design Space ya Cricut inataka akaunti, na sehemu kubwa ya kazi yake inategemea intaneti. Machi 2021 kampuni ilitangaza kikomo cha kupakia faili 20 kwa mwezi kwa wasiolipia usajili, kisha ikakiondoa mwezi huohuo baada ya wateja kulalamika. Hilo ni la kukumbuka kwa yeyote anayenunua mashine iliyofungwa kwenye programu moja. Silhouette Studio inafanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti, lakini toleo la bure halifungui faili za SVG, aina ya faili za michoro ya mistari; linafungua DXF na PNG, na SVG inahitaji toleo la kulipia. Aliyekusanya michoro mingi ya SVG ahesabu gharama hiyo tangu mwanzo.

Tumechagua daraja la Explore. Sababu kubwa ni vishikio viwili: kalamu kwenye kimoja, kisu kwenye kingine, hivyo jina linaandikwa na kikadi kinakatwa bila karatasi kuondoka kwenye mashine.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla ya mambo matatu. Iunganishe na akaunti yako hapohapo. Sikiliza kibebea kisu kikitembea mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo au kuruka ni dalili ya mkanda au reli iliyochoka. Kisha kata duara la sentimita 25 kwenye karatasi: mwanzo na mwisho wa mstari lazima vikutane. Visipokutana, ama roli hazishiki mkeka ama kishikio cha kisu kimelegea.

Na vidogo vinavyosahaulika kwenye bajeti: mikeka mitatu (miwili ya kunata kwa wastani, mmoja wa kunata kidogo), visu viwili vya ziada, tepu ya kuhamishia, ndoano ya kung'olea, spatula na kipanguzi cha plastiki. Ulinganisho wa bei na fundi wa nje usiokuwa na hivi ni ulinganisho wa uongo.

Wiki 12: mashine imefika, majaribio ya karatasi

Karatasi ni ya gramu 250, unene wake karibu milimita 0.3. Kila mara tunaanza na mkato wa majaribio pembeni: mraba wa sentimita 1 wenye pembetatu ndani. Ukitoka wenyewe mkeka ukikunjwa kidogo, mpangilio ni sawa. Ukining'inia kwa nyuzi, ongeza shinikizo hatua moja au kata mara mbili kwa shinikizo dogo. Njia ya pili inaacha kingo safi zaidi. Mkeka ukipata makovu marefu, kisu kimezama mno.

Kona zinazochanika zimeonekana tayari, na sababu hazifanani. Kuna uchafu wa nyuzi ndani ya kishikio cha kisu: kitoe, kichome mara kadhaa kwenye mpira wa karatasi ya alumini, nyuzi zinatoka. Kuna kisu kilichochoka, na karatasi zenye mng'ao wa lulu hukichosha upesi kwa sababu ya tabaka lake gumu la juu. Na kuna karatasi yenyewe: zile zenye rangi juu na nyeupe katikati hupasuka tabaka na huonyesha weupe kwenye mkunjo. Chagua iliyopakwa rangi hadi ndani.

Mkeka mpya wa wastani unanata kupita kiasi kwa karatasi. Tumeubandika na kuubandua kwa kitambaa safi cha pamba kabla ya karatasi ya kwanza. Wakati wa kubandua, geuza mkeka uso chini, shikilia karatasi mezani, na uvute mkeka kutoka kwenye karatasi. Ukivuta karatasi kutoka kwenye mkeka, inajikunja kama gamba na hainyooki tena. Mkeka ukipoteza unato, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uache ukauke kwa hewa; unato hurudi kwa sehemu, si wote.

Mkunjo ufuate mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Pinda karatasi kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Mkunjo unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Vikadi vilivyopangwa kinyume hupasuka mgongoni, na ndiyo maana mpangilio wa vikadi tisa umegeuzwa digrii 90.

Wiki 9: vinaili na mabango

Vinaili ya kudumu, kama Oracal 651, ni ya glasi. Ya kuondoleka, kama Oracal 631, ni ya kioo cha kukodi kitakachorudi kwa mwenyewe. Ukizichanganya, kioo cha watu kitarudi na gundi. Na asije mtu akapeleka mabaki ya vinaili kwa fundi wa leza: vinaili ni PVC, ikiungua inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine.

Bango la kukaribisha ni la sentimita 60 kwa 90. Neno refu kuliko upana wa mkeka tumeligeuza likae kwa urefu kwenye mkeka wa sentimita 61, hivyo linafika karibu sentimita 59 bila kiungo. Herufi za mwandiko wa kuunganika lazima ziunganishwe ziwe umbo moja kabla ya kukata. Zisipounganishwa, kisu kinapita kila mahali herufi mbili zinapolaliana, na neno linatoka vipande vipande.

Bango la mpangilio wa viti limebadilika. Mpango wa mwanzo ulikuwa majina yote 150 kwa vinaili. Herufi ndogo zenye kimo chini ya milimita 6 huinuka pamoja na ziada wakati wa kung'oa, na nukta za i hupotea. Majina 150 ni zaidi ya herufi elfu moja za kulinda kwa ndoano. Sasa vichwa 15 vya meza ni vya vinaili, na majina yanachapwa kwenye karatasi zinazobandikwa chini ya vichwa. Kutoka hatua mbili, bango linapendeza zaidi kuliko lile la kwanza, kwa kuwa herufi zilizochapwa zinasomeka.

Glasi: futa kwa spiriti, usishike tena sehemu hiyo kwa vidole. Jina likae sentimita 2 chini ya ukingo, lisiguse midomo. Bandika kuanzia katikati kwenda pande mbili, kwa sababu glasi iliyopinda hunasa mapovu ukianzia pembeni. Zisioshwe kwa saa 72, na zikioshwa iwe kwa mkono.

Wiki 6: majoho na keki

Vinaili ya joto, ile inayobandikwa kitambaani kwa pasi, hukatwa ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, upande unaong'aa ukitazama mkeka. Majoho ni ya satini ya poliesta, kwa hiyo hatukuanza na nyuzi joto 150 zinazofaa pamba. Joto limepandishwa kidogo kidogo kwenye kipande cha ndani ya pindo, kwa karatasi ya kuokea juu yake, hadi vinaili ikashika bila kitambaa kung'aa. Pasi iwe bila mvuke. Mvuke unaingiza unyevu kwenye gundi, na herufi zinabanduka kwenye ufuaji wa kwanza.

Pambo la keki ni tabaka tatu za karatasi ya gramu 300 zilizogundishwa pamoja, herufi zote zikishikana na mstari wa chini. Tabaka moja hulegea kwa unyevu wa krimu. Vijiti tu ndivyo vinavyoingia kwenye keki.

Wiki 3: majina yanakatwa

Orodha imefungwa baada ya wageni kuthibitisha. Fonti ni ya mstari mmoja. Fonti za kawaida zinachorwa na kalamu kwa kuzunguka kila herufi, jina linatoka tupu katikati na muda unaongezeka maradufu. Jina na kikadi chake lazima vifungwe pamoja kwenye programu, la sivyo programu inayapanga majina yote kwenye mkeka mmoja na vikadi kwenye mwingine.

Mkunjo haupigwi na mashine. Chombo cha mkunjo kinakaa kwenye kishikio kilekile cha kalamu, kwa hiyo kila karatasi ingesimama kusubiri mtu abadilishe. Badala yake kila kikadi kina alama mbili za kukatwa za milimita 1 pembeni, kushoto na kulia. Rula inawekwa kwenye alama hizo na mkunjo unapigwa kwa kisu butu. Karatasi moja ya vikadi tisa, kuandika na kukata, ni dakika 10, na wino unaachwa ukauke dakika chache kabla ya kubandua. Karatasi 17 zimemalizika kwa chini ya saa 4 pamoja na mabadiliko ya mkeka.

Karatasi mbili zaidi zimekatwa bila majina. Vikadi hivyo 18 vinakwenda ukumbini pamoja na kalamu ileile iliyotumika kwenye mashine, na vitatu vya karatasi ya 17 vilivyobaki vimetumika kupima kama kalamu hiyo, ikishikwa kwa mkono, inatoa unene uleule. Inatoa, ukiandika polepole.